Mdomo wa Mama Mkwe

Siku niliyopanga kupata mama mkwe nilivaa gauni la kijani, nikalivua, nikavaa la bluu, nikalivua nalo, kisha nikarudi kwenye lile la kijani huku nimeshachelewa. Mimi si mtu wa vioo. Kazi yangu ni chumba cha watoto pale maktaba, na mtu anayeshinda sakafuni akichokonoa kurasa zilizosukumwa chini ya makabati hana sababu ya kujipamba. Lakini siku hiyo roho ilikuwa juu. Nilitaka yule mama anione safi.

Tamasha letu ni la bure. Kila mwaka maktaba inafungulia familia zote uwanja wake, na mtaa wetu una watu wa kila lugha. Tunatandika mikeka chini ya mahema, na kila mkeka unapata msimulizi mmoja, mtu mzima yeyote mwenye hadithi, naye anasimulia kwa lugha ya kwao. Pembeni yake anakaa mtu wa kutafsiri, ambaye watoto wamempa jina la Mdomo. Sheria ya Mdomo ni moja: aseme kilichosemwa. Msimulizi akisema "mimi", na Mdomo anasema "mimi". Haongezi wala hapunguzi. Sheria hiyo niliitunga mwenyewe, na niliwahi kumwinua mkekani mwalimu mzima na shahada zake kwa sababu alikuwa anatia chumvi.

"Umenukia leo mpaka vitabu vinapiga chafya," aliniambia Mapokezi, dada anayekaa mezani pale mlangoni, rafiki yangu wa siri zote.

"Acha uchokozi. Ameshafika?"

"Nani, bwana au mama mtu?"

"Mama mtu."

"Bado. Na bwana anajua kwamba leo wewe ndiye Mdomo wa mama yake?"

"Hajui. Anadhani atakuwa yule mwalimu wao wa kila mwaka. Nimemwomba mwalimu aniachie mkeka."

Mapokezi akaweka kalamu chini. "Mwenzangu, mimi mambo ya kushtukiza watu huwa yananiumiza tumbo. Ungemwambia tu."

"Nimwambie ili aniambie nisubiri? Nimesubiri hadi nimeota mizizi."

Akachukua kalamu yake tena, kwa sababu alijua nasema kweli.

Bwana huyo ni Fundi, anayetushonea vitabu vilivyochanika. Karakana yake iko nyuma ya soko, chumba kimoja chenye harufu ya gundi na ngozi, na meza yenye makovu ya kisu kila mahali. Nilianza kwenda pale na katoni la vitabu vilivyotafunwa na watoto. Baadaye nikawa naenda na katoni lenye vitabu vizima, naye anavipokea, anavigeuza, ananitazama, anasema, "Hiki nacho kinaumwa wapi?" Nikasema, "Kiangalie vizuri, kinaumwa kwa ndani." Basi tukacheka, na kilichofuata kila mtu mzima anakijua.

Tulipendana. Sina maneno ya kuzunguka. Nilimpenda yule mtu hadi nikajua vidole vyake vinavyopitisha uzi bila hata kutazama, na yeye alinipenda, au alisema hivyo, na macho yake yalisema hivyo zaidi. Tatizo lilikuwa mama yake.

"Mama hataki mkwe asiye wa lugha yetu," aliniambia siku moja, akiwa ameinama juu ya kitabu. "Kaka yangu alioa nje, mama akalia hadi tukamwita daktari. Wale wajukuu hata hawezi kuongea nao. Nikikupeleka kwake sasa hivi, nitamuua."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tumpe muda."

Nikampa muda. Lakini mimi nikipewa muda siukalii. Nikamwambia anifundishe lugha yao, nikasema ni kwa ajili yetu wawili tu. Alinifundisha palepale karakanani, jioni baada ya jioni, kwa zile hadithi alizosimuliwa na mama yake akiwa mdogo. Yeye anashona, mimi narudia. Nikikosea anacheka hadi sindano inamchoma. Nikijua neno gumu ananibusu kwenye paji la uso. Nilijifunza kusalimia wakubwa, nikajifunza majina ya vyombo vya jikoni, nikajifunza kugombana kidogo. Nikajua hadithi inavyofunguliwa na inavyofungwa. Na kila neno nililomeza nilimmezea yule mama nisiyemjua. Nilijiambia, siku akisikia lugha yake inatoka kinywani mwangu, atakosa pa kunikatalia.

Siku hiyo ya tamasha alifika na Fundi kwa gari, mama mfupi, mnene kiasi, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Fundi alimkabidhi kwa Mapokezi mlangoni, akaitwa na vijana waliokuwa wanahangaika na hema lililolegea kamba. Akaondoka bila kuangalia ndani. Hakuwa na wasiwasi wowote. Alijua mimi kila mwaka hukaa kule chumba cha watoto.

Nikamfuata yule mama, nikapiga goti, nikamwamkia kwa lugha yake.

Alisimama akanitazama mdomo.

"Umesema nini?"

"Nimekuamkia, mama. Mimi ndiye nitakayekutafsiria leo. Pole na safari."

"Wewe ni wa kwetu?"

"Hapana, mama. Nimejifunza."

"Umejifunza," akarudia, kisha akanishika mashavu kwa mikono yote miwili kama mtu anayepima tikiti sokoni. "Tazama huyu mtoto. Miaka yote niko kwenye mji huu, hakuna hata muuza duka aliyejifunza kuniambia habari za asubuhi. Na wewe umejifunza. Mungu akuweke."

Niwaambie kweli, hapo nilishinda. Ndivyo nilivyodhani. Nilimwongoza mkekani nimeshikwa mkono, na mkono wenyewe ulikuwa wa joto, haukuniachia hata tulipokaa. Nilimwona Mapokezi kwa mbali akinikonyeza. Moyoni nilikuwa nimeshapanga nani atakaa wapi siku ya harusi.

Watoto walijaa mkeka, wengine na mama zao, wengine wamebebana. Desturi yetu ni kwamba kabla ya hadithi wao ndio wanaomuuliza msimulizi maswali. Binti mmoja mwenye mapengo akanyoosha kidole.

"Bibi, una furaha gani leo?"

Nikalitafsiri swali. Yule mama akacheka, akajipangusa miwani kwa pindo la nguo.

"Mimi nina mtoto wangu wa mwisho, wa kiume," alisema.

"Mimi nina mtoto wangu wa mwisho, wa kiume," nikawaambia watoto, na nikatabasamu, kwa sababu namjua.

"Mwezi ujao anaoa."

Nilitazama mkeka.

Watoto wakaningoja. Yule mama akanigeukia kwa upole, akadhani sikusikia, akarudia polepole. "Mwezi ujao mwanangu anaoa. Tumempata msichana mzuri, fundi cherehani. Kwao wameshatupokea."

Sheria niliitunga mimi.

"Mwezi ujao mwanangu anaoa," nikasema. "Tumempata msichana mzuri, fundi cherehani. Kwao wameshatupokea."

Watoto wakapiga makofi. Mama mmoja pembeni akasema hongera, na hongera yenyewe akanipa mimi, kwa kuwa mdomo ulikuwa wangu.

"Alimchagua mwenyewe?" akauliza yule mwenye mapengo. Nikaomba ardhi ipasuke, haikupasuka, nikatafsiri.

"Hapana," alisema yule mama. "Nilimuuliza kwanza. Nilimwambia, mwanangu, kama una mtu moyoni nitajie, hata awe nani, nimfuate kwao kwa miguu yangu. Akasema hana. Ndipo tukamtafutia."

Hayo nayo niliyasema. Nakumbuka nilijikaza nikasema kila neno kwa mpangilio wake: kama una mtu moyoni nitajie, akasema hana. Sauti ikakatika mwishoni. Nikajifanya nakohoa.

"Pole, binti," akanipigapiga mgongo.

Akaanza hadithi. Ilikuwa ya mbuzi aliyemeza ufunguo wa ikulu, mfalme akalala nje na taji lake, askari wakimfuata mbuzi na ndoo. Watoto walicheka hadi wakalala chini. Mimi nilikuwa nasema, naona midomo ya watoto inacheka, lakini akili ilikuwa karakanani. Nilikuwa nazihesabu upya zile jioni zote na kuziona zilivyokuwa. Mama hataki, tumpe muda. Mama atakufa. Na mama mwenyewe huyu hapa, bega lake linagusa langu, hajawahi kusikia hata kwamba mimi naishi.

Karibu na mwisho koo lilimkauka. Akameza mate, akanishika goti.

"Ifunge wewe, mwanangu. Wafungie kwa lugha yetu kwanza, wa kwetu walioko hapa wasikie, halafu uwaambie na hawa wengine."

Nikaifunga kama nilivyofundishwa, bila kufikiri. Nikasema kwa lugha yao, "Na paka akalamba sufuria, na sisi tukalala." Kisha nikasema kwa wote.

Watoto wakaipenda, wakairudia kwa kelele. Mtoto mmoja wa lugha yao akakunja uso. "Sisi hatumalizi hivyo," alisema. "Bibi yangu anasema tu, imekwisha."

Nikamgeukia yule mama nione kama nimekosea. Alikuwa amevua miwani.

Mapokezi akapita akitangaza maji ya matunda na biskuti, na mkeka ukabaki mtupu ghafla. Tukabaki wawili.

"Hiyo umeitoa wapi?" aliniuliza kwa sauti ndogo.

"Ipi, mama?"

"Ya paka. Hakuna mtu anayefunga hadithi hivyo. Niliitunga mimi jikoni kwangu, mwaka ambao baba yao alituacha, ili wanangu wacheke wasiniulize habari zake. Haijawahi kutoka nje ya nyumba yangu."

Nilidhani ni ya watu wao wote. Fundi hakuwahi kuniambia kwamba ni ya kwao peke yao. Labda hata yeye alisahau.

Yule mama alinitazama gauni, akanitazama mikono, akanitazama macho ambayo nilikuwa nimeshindwa kuyakausha. Wazazi wana njia yao ya kujumlisha.

"Ni yeye aliyekufundisha," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani kidogo."

"Na ni kufundishana tu, au kuna kitu?"

"Kuna kitu, mama. Kilikuwepo."

Wakati huo Fundi alitokea upande wa pili wa hema, kamba begani, jasho usoni, anatabasamu, anamtafuta mama yake. Akatuona tumekaa pamoja. Sijawahi kumwona mtu akibadilika sura vile. Alisimama akashika mguu wa hema.

"Njoo hapa," mama yake akamwita. "Kaa."

Alikaa. Hakunitazama.

"Nilikuuliza kama una mtu."

"Uliniuliza, mama."

"Ukasemaje?"

Akaanza kuikunja ile kamba.

"Ukasemaje, baba? Sema tu. Huyu mwenzio ameshayasema mbele ya watoto wote, kwa mdomo wake mwenyewe. Na wewe sema."

"Nilisema sina."

Nilijua tangu nilipotafsiri. Lakini kulisikia kutoka kwake ni jambo lingine.

"Kwa nini?" aliuliza mama yake.

"Niliogopa. Kaka alipooa nje ulilia hadi tukakuitia daktari. Niliona kwa macho yangu. Nikasema sitakufanyia vile tena."

Yule mama alimgeukia mwanawe uso mzima.

"Nililia kwa sababu nilisikia kwa jirani," alisema. "Nilikuwa naanika nguo, jirani akanipa hongera, nikamuuliza ya nini. Mwanangu ameoa, na mimi jirani ananiuliza uani nilivaa nini harusini. Hicho ndicho nilicholilia. Mke wake ningempenda. Sikupewa nafasi ya kumpenda. Na wewe uliyekuwa umenishika mkono siku ile, wewe uliyeniletea maji, ndiye umenifanyia tena?"

Fundi akajifunika uso. Nilitamani kumgusa bega, nikaona haya kwa kutamani.

"Uchumba huo nitauvunja," alisema, akanigeukia kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa mekundu, na bado yalikuwa yale macho. "Leo leo. Nitakwenda kwao nimwambie baba yake. Mama ameshajua sasa, hakuna kizuizi. Nisamehe. Kila siku nilisema kesho. Nitakuoa wewe."

Yule mama hakuingilia. Alinitazama tu. "Mimi sina kinyongo," alisema. "Ukisema ndiyo, aibu ya kule nitaibeba mimi. Ni juu yako."

Nyie, mnajua kitu mlichokitaka kikiletwa mbele yenu kimepakuliwa kinavyonukia. Neno moja tu, ndiyo, na nampata yeye, nampata na mama, napata jikoni yenye paka na sufuria. Lilikuwa limeshafika kwenye meno.

"Yule fundi cherehani," nikamuuliza, "uliwahi kumwambia kuna mimi?"

"Hapana."

"Anakupenda?"

"Nadhani ameanza."

"Na ulikuwa unanifundisha maneno mapya juzi, na kwao umeshakwenda."

"Niliogopa kukupoteza."

"Ulimwogopa mama, hukunitaja kwake. Ukaniogopa mimi, hukunitajia mchumba. Na yule msichana anashona nguo yake ya harusi, naye unamwogopa. Siku nikiwa mkeo, Fundi, ukiniogopa utanificha nini?"

"Sitakuficha kitu tena. Naapa."

"Usiape. Unanitia huruma ukiapa."

"Kwa hiyo hunipendi?"

"Nakupenda. Ningekuwa sikupendi ningekubali, halafu nikulipize taratibu." Machozi yalikuwa yanaingia mdomoni, nikayaacha. "Nenda ukamwambie yule msichana kila kitu. Akikutaka baada ya hapo, muoe. Akikufukuza, umeyataka. Lakini mimi usinirudie. Vitabu vyetu tutatafuta mtu mwingine wa kuvishona."

Alibaki amekaa kama hajasikia. Mama yake ndiye aliyemgusa goti, akamwambia akamsubiri kwenye gari. Aliinuka na ile kamba bado iko begani, akapita kati ya watoto waliokuwa wanakimbizana, mmoja akamgonga mguuni, akamwambia pole. Alipofika getini aligeuka. Nilimtazama hadi mwisho, kwa kuwa sikutaka kujidanganya kwamba sikumtazama.

Nilidhani mama naye ataondoka. Nikaanza kukusanya mito ya watoto ili mikono ipate kazi.

"Lugha yetu uliijifunza kwa ajili yangu," alisema nyuma yangu. "Si kwa ajili yake."

"Nilitaka unikubali, mama."

"Ningekukubali na mdomo umefungwa." Akapangusa miwani, haikupanguseka, akaivaa hivyo hivyo. "Na sasa lugha hii utaongea na nani?"

Swali hilo ndilo lililonimaliza. Fundi alipoondoka nilisimama. Niliposikia hilo nilikaa chini palepale juu ya mito, mtu mzima, na gauni langu la kijani, nikalia kwa sauti hadi Mapokezi akatoka mezani akaja mbio, akaona, akarudi polepole.

"Sina mtu, mama," nikamjibu nilipoweza.

Alikaa karibu yangu, akanyoosha miguu, akavua viatu.

"Basi tuongee kidogo kabla sijaondoka. Huyo asubiri."

Tukaongea. Alinieleza magoti yake yanavyomsumbua ngazini. Nikamweleza kuhusu vitunguu, jinsi vilivyopanda bei, na jirani yangu anayepiga misumari ukutani kila Jumapili. Akanirekebisha neno moja la vitunguu, nikalirudia mpaka nikalipata, naye akasema vizuri sana. Watu walianza kukunja mahema, wakaukunja mkeka wa jirani, wakatuzunguka. Fundi hatukumtaja hata mara moja, na tuliongea mpaka maneno niliyokuwa nayo yakaisha.